Sura ya Saba: Kidole Kimoja, Wazee Mia Mbili

Kompyuta ya Idara ya Msaada wa Wazee mjini Lodwar haikuwashwa; ilibembelezwa. Kila asubuhi karani Ebenyo aliivua kitambaa, akaipuliza vumbi mgongoni, akabonyeza kitufe, akaipiga makofi matatu ubavuni, kisha akaiacha na kwenda kunywa chai. Akirudi, kama imependa, huikuta imeamka. Kama haikupenda, wazee waliokaa kwenye benchi la nje waliambiwa warudi kesho, na kesho kwa wengine wao ilikuwa kilomita arobaini kwa miguu.

Jumatano ile ilipenda. Inspekta Awoi alikuwa amekaa mbele yake tangu saa mbili, kiti cha plastiki kimemganda mgongoni kwa jasho, akilitazama pangaboi lililozunguka kwa hisani ya upepo wa dirishani tu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, ishirini na saba kati ya hiyo akiwa polisi, na magoti yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Kesi hii hakuiomba. Aliyekuwa nayo mwanzo alipata uhamisho, na faili likahamia kwenye meza iliyokuwa karibu na mlango.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wiki tatu nyuma, idara ilikuwa imeanza kuihamisha rejista ya wazee kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Rejista hiyo ndiyo iliyompa mzee kadi, na kadi ndiyo iliyompa unga, mafuta na matibabu. Mfumo mpya ulijua kulinganisha vidole. Wa zamani haukujua, ulijua kuweka tu. Basi mpya ulipoanza kupokea majina ya upande wa Kakuma na Kalobeyei, ulipiga kelele siku ya kwanza: akina mama wazee mia mbili na thelathini na mmoja, wote walikuwa na kidole gumba kimoja. Si vinavyofanana. Kimoja.

Nangiro, mkuu wa upelelezi, alishaamua kwamba ajuza hao hawapo. Ni majina hewa, alisema, na mwenye kidole ndiye anayekula unga wao. Amri ilikuwa imetoka: Ijumaa saa kumi na moja jioni mfumo wa zamani unazimwa kabisa, na majina yenye doa hayavuki. Jina lisipovuka, chakula chake nacho hakivuki.

Mtu wa kufungwa alikuwa ameshapatikana pia. Picha ya kidole kile ilionyesha mstari mweupe uliokikata kwa mshazari, kovu la wazi kabisa. Polisi wa Kakuma wakapita mitaani wakitafuta gumba lenye kovu, na wakalipata kwenye mkono wa Majak Kuot, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, fundi wa simu na kompyuta. Tena dukani kwake wakaikuta mashine ya kusoma vidole, namba tatu, mali ya idara, ambayo kitabu cha stoo kilisema imepotea tangu Desemba. Mahakama ilikubali azuiliwe siku kumi na nne. Leo ilikuwa ya kumi na mbili.

"Nenda umwandikishe maungamo, funga faili," Nangiro alimwambia Awoi kwenye simu. "Kovu lipo, mashine ipo. Unataka nini tena?"

Awoi akauliza kama kuna mtu aliyekilinganisha kidole cha Majak na cha kwenye picha. Nangiro akasema mtaalamu yuko Nairobi na foleni yake ni ya mwezi mzima. Awoi akasema sawa. Kusema sawa kulikuwa kumemfikisha mbali katika kazi hii, ingawa si mbali sana.

Akamwomba Ebenyo amchapishie picha ya gumba lile kwa ukubwa mara nne. Kisha, kwa vile alifundishwa kazi zamani, enzi za kuandika kila kitu kwa mkono, akaomba na vidole vya watu wengine kumi waliosajiliwa kwa mashine ile ile namba tatu, siku zile zile, ambao hawana kosa lolote.

Ebenyo aliinua nyusi. "Wasio na kosa?"

"Hao hao."

Karani hakuuliza zaidi. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na nane, mwembamba, shati lake la mikono mifupi limepigwa pasi mpaka likakata tamaa. Printa ilitoa karatasi moja, ikapumzika, ikatoa nyingine. Walipokuwa wakingoja Awoi alimuuliza maswali ya kawaida. Ebenyo akaeleza kwamba rekodi zote mia mbili ziliingizwa kati ya Juni na Novemba mwaka jana kwa paswadi moja ya vibarua, na paswadi hiyo ilikuwa imebandikwa kwa plasta juu ya mashine ili isisahaulike. Yeye binafsi alikuwa mtu wa ofisini. Kazi ya nje ilifanywa na vibarua, walikuja wakaenda, majina yao hayakumbuki. Mashine namba tatu ilipotea, akaandika imepotea.

Awoi akayaandika yote. Idara ilikuwa imemtoa Ebenyo aende naye, akamwonyeshe kwa macho kwamba kwenye manyatta za wafugaji zilizoandikwa hakuna ajuza. Dereva wa ofisi alikuwa likizo tangu mwaka uliopita na hakuna aliyeletwa mahali pake, kwa hiyo inspekta alishika usukani mwenyewe.

Walifika Kakuma saa saba, jua likiwa limesimama utosini na halina mpango wa kuondoka. Ebenyo alibaki nje akifuta vumbi la kioo cha gari. Majak aliletwa kutoka selo akiwa ameinama, kwa sababu mlango ule haukujengwa kwa watu wa urefu wake. Alikuja Kakuma akiwa na miaka tisa. Sasa alikuwa na thelathini na moja na bado alikuwa Kakuma.

Awoi alimsogezea chupa ya maji kwanza. Akamsomea maelezo aliyotia sahihi, mistari minne ya Kiingereza. Akamuuliza kama ndivyo alivyosema.

"Madam, mimi niliongea mingi," Majak alisema. "Afande aliandika kidogo."

"Basi niambie ile mingi."

Majak akanywa maji, akaanza. Mashine hakuiba, aliletewa atengeneze. Alikuwa ameshazitengeneza mbili kabla ya hiyo. Ofisi ikizipeleka Nairobi zinakaa mwaka, kwa hiyo wenye haraka huja kwake kimya kimya, bila karatasi. Namba tatu aliitengeneza ikapona, akaingoja ifuatwe, haikufuatwa. Badala yake wakaja polisi.

Awoi akamwomba mkono wa kulia. Kovu lilikuwa pale, kwenye nyama ya gumba, limevimba kidogo. Akamuuliza alikatwa lini.

"Desemba. Hiyo mashine yenyewe ndiyo ilinikata. Nilikuwa natoa kioo yake."

Awoi aliacha kuandika. Rekodi ya mwisho yenye kidole kile ilikuwa ya Novemba. Mtu hawezi kuweka kovu mwezi wa kumi na moja kwa jeraha la mwezi wa kumi na mbili. Kumi na mbili ndizo siku ambazo kijana wa watu alikuwa amelala sakafuni, na tarehe zote mbili, ya rekodi ya mwisho na ya mashine kupotea, zilikuwa kwenye makaratasi.

"Kwa nini ulikuwa unatoa kioo?"

"Ilikuwa na ufa. Mstari moja, inatoka juu inashuka hivi, halafu mwisho inajikunja." Akauchora mstari ule mezani kwa ukucha, akaukunja mwishoni kidogo, kama mguu wa nyuma wa mbwa.

Awoi akaunakili kwenye daftari lake. Akauliza kioo kile kiko wapi. Majak akasema kiko dukani, kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza, maana fundi hatupi kitu. Mwishowe akamuuliza ni nani aliyemletea mashine.

"Mzee wa ofisi. Jina sijui. Mtu wa ofisi tunaita mzee, basi." Kisha akainua kidevu kuelekea dirisha la nondo. "Si ndiyo huyo umekuja na yeye?"

Huko nje Ebenyo alikuwa amemaliza kioo cha mbele na kuhamia taa, akifuta polepole na kwa makini kama mtu anayemwosha mtoto uso. Awoi alifunga daftari, akamshukuru Majak, na kwa mara ya kwanza katika kesi ile akasikia hasira, si uchovu tu.

Ufunguo wa duka ulikuwa kwa polisi. Kopo lilikuwa chini ya meza kama alivyoambiwa, na ndani yake, kimefungwa kwa gazeti, kioo kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Awoi alikiweka mezani karibu na picha ya gumba. Ufa ulianza pembeni juu, ukashuka mshazari, ukajikunja mwisho. Kovu lililowahangaisha polisi kwa wiki tatu lilianza pembeni juu, likashuka mshazari, likajikunja mwisho.

Hakutaka kufurahi upesi. Akazitoa zile karatasi kumi za watu wasio na kosa, akazipanga moja moja juu ya meza ya Majak kati ya simu zilizofumuliwa. Wanaume wanne, wanawake sita, vidole vya kila namna. Wote kumi walikuwa na mstari ule ule, mahali pale pale, na mkunjo ule ule. Watu kumi hawawezi kukatwa na kisu kimoja sehemu moja. Kovu halikuwa kwenye kidole cha mtu yeyote. Lilikuwa kwenye mashine. Ofisi nzima ya upelelezi ilikuwa imekiangalia kidole cha mkosaji mpaka macho yakauma, na hakuna aliyeomba kuona cha asiye na kosa, kwa sababu polisi hawana desturi ya kuwaulizia watu hao.

Kwa hiyo mwenye kidole alikuwa mtu mwenye gumba zima, lisilo na kovu lolote. Hao ni wengi duniani. Lakini waliodanganya kuhusu mashine namba tatu walikuwa wachache, na mmoja alikuwa anamngoja kwenye gari.

Hakumwambia kitu. Walipotoka Kakuma kuelekea Kalobeyei alimpa ile orodha ndefu aishike, akasema anataka kumwona ajuza mmoja, yeyote, na bila kutazama akaweka kidole kwenye jina. Ebenyo akasoma: Adome, anayeishi karibu na kisima cha zamani, mashariki ya barabara.

"Twende kwa kisima, basi," Awoi alisema.

Karani akatazama mashariki. Kisha akaonyesha kwa midomo upande wa magharibi, akasema wapite huku. Wakaacha lami, wakapita vishamba vya wakimbizi vya mtama, wakavuka laga, mto uliokauka, wakaingia katikati ya vichaka vya miiba vya mathenge mahali ambapo njia ilikuwa ni imani tu. Mara tatu palitokea njia panda na mara tatu Ebenyo akaonyesha kwa midomo bila kusita. Awoi alizungusha usukani na kufunga kinywa. Wafugaji huhama, rekodi haihami nao. Mtu anayetafuta majina hewa angekwenda kwenye kisima kilichoandikwa, akute hakuna mtu, arudi nyumbani ameridhika. Huyu alijua ajuza wake alikohamia.

Manyatta ilikuwa ya vibanda vinne. Mbele ya kimoja alikaa mwanamke mzee sana, shanga zimemjaa shingoni mpaka kidevuni, akisuka kikapu kwa majani ya mkoma. Yule ajuza wa hewa alikuwa na meno matatu na sauti ya kuamrisha.

"Ejok," Awoi alimwamkia, "ejok, ata," akakaa chini mchangani kama mjukuu anavyokaa mbele ya bibi yake. Wakazungumza Kiturkana. Adome aliuliza habari za mvua huko Lodwar, akaambiwa hakuna. Akauliza habari za magoti ya mgeni, maana alimwona akikaa, akaambiwa ni mabaya. Alipoulizwa kuhusu kadi alichomoa mfuko wa plastiki kutoka katikati ya shanga. Kadi ilikuwa ndani, safi. Mbuzi wake arobaini walikwisha kwa ukame, alisema, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alimchinja mwenyewe kabla hajafa. Akaipigapiga kadi kwa kidole.

"Hii ndiyo mbuzi wangu sasa."

Awoi akaomba kuviona vidole vyake. Miaka sitini ya kusuka mkoma ilikuwa imevilamba. Ncha zote kumi zilikuwa laini na zinang'aa kama jiwe la kusagia, hazina mstari hata mmoja. Kwenye gari kulikuwa na mashine mpya ya kusoma vidole, waliyopewa na idara. Akaileta, akajaribu gumba, akajaribu vyote, na mara kumi taa ikawa nyekundu. Baada ya mara ya kumi, mashine mpya ikamwonyesha kitu ambacho ya zamani haikuwa nacho: kitufe kidogo kilichoandikwa kwamba mtu huyu hana alama zinazosomeka, apigwe picha, aendelee.

Akamuuliza bibi siku ile ya kusajiliwa ilikuwaje. Adome akasema mashine ilimkataa kama inavyomkataa sasa. Nyuma yake foleni ilikuwa inaguna na jua linachoma. Akaambiwa aweke tena, akaweka, ikakataa. Kisha ikakubali.

Ilikubali vipi?

"Ilikubali."

Nani alikuwa ameishika?

Bibi akarudi kwenye kikapu chake. "Mtu."

Mtu gani?

"Mzuri. Kwani unamtakia nini?" Na bila kuinua kichwa akanyoosha kiganja kando. Ebenyo, aliyekuwa amesimama nyuma yao muda wote, akaingiza mkono mfukoni na kumwekea humo fundo la tumbaku. Bibi hakumshukuru. Mtu hamshukuru anayemletea kila mara.

Awoi aliinuka kwa taabu, akaenda kwenye gari, akaweka kibati cha wino na karatasi nyeupe juu ya boneti. Boneti ilikuwa ya moto kiasi cha kukaangia yai. Akamwita karani.

"Gumba la kulia, Mzee Ebenyo."

Ebenyo alilitia wino na kulibandika kwenye karatasi kwa ustadi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote, akilizungusha kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuchafua. Awoi akatoa lenzi yake. Kwenye picha ya kompyuta, ukiuondoa ule ufa, mistari ilizunguka katikati kama kitovu, na chini yake palikuwa na kisiwa kidogo na njia panda mbili. Kwenye karatasi ya boneti kitovu kilikuwepo, kisiwa kilikuwepo, njia panda zilikuwepo. Alihesabu alama nane zinazolingana, akaacha. Kikulacho ki nguoni mwako. Wa kwake alikuwa amekaa kiti cha mbele tangu Lodwar na kumwonyesha njia.

"Ulisema ni mtu wa ofisini."

"Nilisema." Ebenyo alikuwa anafuta gumba kwa leso, na wino haukutoka. "Juni vibarua waliacha kazi. Ofisi ikasema foleni iendelee. Nikaenda mimi."

Kisha yakamtoka yote, kwa sauti ya chini, bila kujitetea sana. Mfumo wa zamani ulikuwa hauna nafasi ya kusema hapana. Ulidai kidole, usipoupa kidole haukuhifadhi jina, na usipohifadhi jina, mashine ilifunga na kuanza upya kwa dakika ishirini. Wasusi wote walikuwa hivi. Aliandika barua mbili makao makuu, akajibiwa kwamba mfumo mpya unakuja.

"Ningeambia huyo mama nini? Arudi nyumbani aote vidole? Nilimwambia, mama, niwekee mkono juu ya mkono yangu. Nikaweka yangu chini. Ikakubali. Siku hiyo walikuwa saba. Kesho yake kumi na mbili."

"Na picha ilipotoka?"

Ebenyo akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Niliona hiyo mstari. Nikaangalia gumba yangu, haina mstari. Siku tatu, Inspekta, naangalia tu gumba. Ufa ya kioo nilikuwa najua, lakini sikufikiria inaingia kwa picha. Nikasema basi, Mungu amenipatia mwenzangu. Kuna mtu mwingine mahali alifanya kama mimi, na ni yeye wamepata."

Hapo Awoi karibu amhurumie. Alikuwa amewaona wezi wengi wakikana vidole vyao, lakini hajawahi kumwona mtu aliyeamini kwamba kidole chake ni cha mwingine.

"Mwenzako ni Majak," alisema. "Yule uliyempelekea mashine kwa mkono wako, ukaandika kwenye kitabu kwamba imepotea. Alipokamatwa ulijua si yeye."

Ebenyo alizidi kulifuta gumba.

"Ulijua?"

"Nilijua mashine hakuiba," alisema. "Kupeleka mali ya serikali kwa fundi wa kando ya barabara, bila karatasi, ni kufutwa. Nimebakisha miaka miwili. Nikasema wewe utafika, utaona mwenyewe."

"Siku kumi na mbili, Mzee."

"Najua ni ngapi. Nazihesabu."

Simu ya Awoi ikalia. Ilikuwa Nangiro, mtandao ukikatika na kurudi. Awoi alimpa habari kwa ufupi: Majak hana hatia, mwenye kidole amepatikana, ajuza wapo, mmoja ameketi mbele yake anatafuna tumbaku. Nangiro akapendezwa na habari ya pili tu. Amlete karani Lodwar jioni hii hii. Na majina? Majina yana doa, alisema Nangiro, amri ni amri, hayavuki. Hao akina mama watasajiliwa upya mwakani, zoezi likifunguliwa.

Awoi alimtazama Adome. Mwakani. Bibi alikuwa ameinamia kikapu, kadi imerudi katikati ya shanga. Kutoka hapo hadi Ijumaa saa kumi na moja kulikuwa na alasiri hii na siku mbili. Mashine mpya ilikuwa kwenye gari, na kitufe chake. Orodha ilikuwa na majina mia mbili thelathini na moja yaliyoandikwa mahali walipohama zamani, na katika Turkana nzima mtu mmoja tu ndiye aliyejua wako wapi. Akimpeleka Lodwar leo, sheria itakuwa imefuatwa vizuri sana.

"Bosi," alisema, "gari limekufa."

"Tena?"

"Tena."

Nangiro alishusha pumzi ndefu. Hakuuliza limekufa vipi. Katika miaka ishirini na saba hakuna gari la serikali lililowahi kusemwa limekufa na mtu akashangaa. Akauliza litachukua muda gani.

"Fundi anasema mpaka Ijumaa usiku."

"Na huyo karani?"

"Ninaye. Haendi popote bila mimi."

Akakata simu. Ebenyo alikuwa ameyasikia yote, na alikuwa anamtazama kwa mdomo uliofunguka nusu. Awoi akamwambia asimtazame hivyo. Ijumaa saa kumi na moja na dakika moja atamfunga pingu, na ataandika kila kitu kama kilivyo, wema wake na uwongo wake, kila kimoja kwa ukurasa wake. Hata wakikimbia hawatawafikia wote. Wakifika mia watakuwa wamebahatika.

Wakaanza na Adome. Taa nyekundu, kitufe, picha. Bibi alikataa kutabasamu. Jina lake likavuka. Ilichukua dakika nne.

Ndani ya gari Awoi aliwasha injini, haikushika. Uwongo mwingine huchukuliwa na Mungu kama ombi. Mara ya tatu ikashika. Ebenyo alikuwa ameshaikunjua orodha magotini, uso umechangamka, kidole chake chenye wino kinakimbia juu ya majina. Kuna mmoja kipofu nyuma ya kile kilima, alisema, halafu madada wawili kwenye laga, wakienda haraka watawapata kabla hawajapeleka mbuzi maji.

"Hao wa pili," Awoi alisema. "Wa kwanza ni Majak. Tunarudi Kakuma nimtoe kwa dhamana ya polisi, na wewe utaingia selo umwambie kwa mdomo wako kwa nini alikaa humo."

Ebenyo akaikunja orodha, polepole, mara nne. Kwenye laga palikuwa na njia mbili za kurudia barabarani na Awoi akapunguza mwendo, akangoja aonyeshwe. Karani alikuwa ameinamia gumba lake, akilifuta kwa leso, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuonyesha njia.